Kimya cha Kobe si Dalili ya Afya

Miongoni mwa wanyama waliopata heshima katika hadithi zetu, kobe ana nafasi yake. Ni mpole, ana subira, hana papara, na aghalabu hadithi inapomalizika huwa amewashinda wenye mbio na wenye nguvu. Sifa hizo ni njema kwa watoto wanaofunzwa uvumilivu. Hata hivyo zimemletea kobe mwenyewe madhara. Mtu anapomwokota kobe porini au kando ya barabara, akamchukua nyumbani na kumfungia uani, huutazama utulivu wa mnyama yule akadhani kuwa ameridhika. Halii, hang'ati, hadai chakula. Mwenye nyumba husema: "Huyu hana taabu."

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kauli hiyo haina msingi katika elimu ya viumbe. Kobe aliyetolewa porini akatiwa katika ua, chumba au sanduku, mara nyingi huwa mgonjwa muda mrefu kabla ya bwana wake kutambua. Kutokana na hayo nina rai moja ya kuwatolea wasomaji, nayo ni kwamba tuache kabisa desturi ya kuwatoa kobe porini kwa ajili ya kufugwa, iwe ni katika nyumba zetu au katika nyumba za watu wa ng'ambo.

Dhiki ya mwili ni nini?

Kwanza hatuna budi kuelewana juu ya neno. Tunaposema kuwa mnyama yumo katika dhiki hatudai kwamba ana huzuni kama ya binadamu, kwani jambo hilo ni gumu kulithibitisha. Tunazungumzia mabadiliko ya mwili ambayo huweza kupimwa. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alitangaza kuwa panya waliopatwa na maudhi ya namna mbalimbali, kama baridi kali, majeraha na sumu, walionyesha mabadiliko yanayofanana. Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa kubwa kuliko kawaida, viungo vinavyohusika na kinga ya mwili vilisinyaa, na tumbo likapata vidonda. Utafiti uliofuata umeeleza njia yenyewe. Ubongo ukitambua hatari huiamsha tezi iliyo chini yake, nayo tezi hiyo huzichochea tezi za juu ya figo kumwaga homoni katika damu. Kwa kobe, kama ilivyo kwa watambaazi wengine, homoni kuu ya kazi hiyo huitwa kortikosteroni.

Homoni hiyo si adui wa mnyama. Kobe akikutana na fisi, au akizingirwa na moto wa nyika, humsaidia kuitumia akiba ya nguvu iliyomo mwilini ili aokoke. Hatari ikipita, homoni hupungua na mwili hurejea katika shughuli zake. Madhara huanza pale ambapo hatari haipiti. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Natufikiri juu ya kijiji ambacho mbiu hulia usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Mashamba hayatalimwa, paa zinazovuja hazitaezekwa, watoto hawatafunzwa, na mwishowe kijiji kitadhoofu ingawa adui hajaonekana. Ndivyo uwavyo mwili ulio katika dhiki isiyokoma. Hamu ya chakula hupungua, kinga dhidi ya maradhi hulegea, na uzazi husimama.

Sasa tumtazame kobe aliyefungiwa uani. Kwake yeye binadamu ni mnyama mkubwa awindaye. Mbwa abwekaye ni hatari, na mtoto amgeuzaye chali ni hatari. Yeye hana pa kukimbilia, wala mahali alipopazoea. Kutembea kwake kandokando ya ukuta mchana kutwa, ambako wengi hukuita kucheza, ni jitihada ya kutafuta njia ya kutoka. Akishindwa, hujikunyata ndani ya gamba lake akatulia, na hapo ndipo watu husema kuwa amezoea.

Mwili usio na haraka

Ipo sababu ya kimaumbile inayofanya ugonjwa wa kobe ufichike. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha kama wetu, bali hulipata kutoka katika jua, ardhi na hewa. Kusaga chakula, kujenga mifupa na kupambana na vijidudu vya maradhi, yote hayo hutegemea joto hilo. Porini kobe hulipanga mwenyewe. Asubuhi huota jua, mchana huingia kivulini au shimoni, jioni hutoka tena kula. Katika ua wa saruji mpango huo huvunjika. Akiwa juani bila kivuli aweza kufa katika muda wa saa chache. Akiwa kivulini siku zote, hasa katika miji yetu ya nyanda za juu yenye baridi, chakula hukaa tumboni bila kusagika vyema na kinga yake huzidi kulegea.

Kadhalika, kwa kuwa mwili wake huenda polepole katika kila jambo, ugonjwa nao huenda polepole. Kuku asiyekula siku mbili hujulikana kuwa mgonjwa. Kobe aweza kukaa majuma mengi bila kula huku gamba lake likionekana vilevile, kwa sababu gamba halikondi. Ndani yake misuli na mafuta huwa vinateketea. Njia moja ya kutambua ni kumpima uzito mara kwa mara na kuandika, jambo ambalo ni wachache mno kati ya wafugaji wa nyumbani wanaolifanya.

Hata pumzi yake ina siri. Kobe hana kiwambo cha misuli kati ya kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi, wala hawezi kukohoa kwa nguvu na kutoa makohozi. Uchafu ukiingia mapafuni hubaki humo. Povu linapoonekana puani, au anapoanza kunyoosha shingo na kuvuta hewa kwa kinywa wazi, maradhi yake ya mapafu huwa yameshatia mizizi. Minyoo nayo iko hivyo. Kobe wengi wa porini wana minyoo tumboni na huishi nayo bila madhara makubwa. Kinga ikilegea kwa sababu ya dhiki, na kobe akilazimika kutembea juu ya kinyesi chake mwenyewe katika eneo dogo, minyoo ileile huongezeka mpaka ikawa maradhi.

Chakula ni jambo jingine. Porini kobe wetu wa kawaida mwenye gamba la madoadoa hula nyasi, majani, maua na matunda yaliyoanguka. Ameonekana pia akitafuna mifupa mikavu, na hata kinyesi cha fisi ambacho huwa cheupe kwa sababu ya chokaa ya mifupa. Kwa tendo hilo huongeza chokaa ya kujengea gamba lake. Nyumbani hupewa wali, ugali, mkate na nyanya. Tena akifungiwa ndani hukosa mionzi ya jua inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na kioo cha dirisha huizuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo ingawa mwanga hupita. Matokeo yake ni gamba laini, au gamba lililopinda na kuota vilima. Uchunguzi wa kobe wachanga wa Kiafrika uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ukavu wa hewa katika makazi yao nao huchangia sana vilima hivyo.

Yafaa kusema neno juu ya gamba lenyewe, kwani wapo wanaotoboa ukingo wake ili kumfunga kobe kwa kamba. Gamba si kama nyumba ambayo kobe ameivaa. Ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vikiwa vimeungana nalo, lina damu na lina mishipa ya fahamu. Anayelitoboa ametoboa mfupa wa kiumbe aliye hai.

Kobe wa majabali

Mfano ulio wazi zaidi tunao katika nchi zetu wenyewe. Katika vilima vya mawe vya nyika kavu za Tanzania na Kenya, na katika sehemu ndogo ya kaskazini mashariki ya Zambia, huishi kobe mdogo ambaye wataalamu humwita Malacochersus tornieri. Alielezwa kisayansi mwaka 1903 na Siebenrock, na jina lake la pili ni la kumkumbuka Gustav Tornier, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani. Urefu wake hauzidi sana sentimita 18. Gamba lake ni bapa mithili ya chapati, jepesi, na mifupa yake ina matundu, hivyo hunyumbuka kidogo. Nitamwita hapa kobe wa majabali.

Maumbile hayo yamemfanya awe na tabia tofauti na kobe wengine. Akishtuliwa hajifungi ndani ya gamba akangoja. Hukimbia, tena kwa kasi ya kushangaza, akapenya katika ufa wa jabali na kujikaza humo kiasi kwamba kumtoa ni kazi. Ufa huo ni ngome yake, ni kivuli chake wakati wa joto, na ni hifadhi yake wakati wa baridi na ukame. Kumtia kobe huyu katika sanduku lisilo na ufa ni kumwondolea njia moja aliyojaliwa ya kukabiliana na hatari. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwaona kobe wa aina hii katika duka moja la wanyama, ndani ya sanduku la kioo lenye mchanga mtupu. Hapakuwa na hata jiwe moja la kujificha. Walikuwa wamerundikana pembeni, kila mmoja akijaribu kuingia chini ya mwenzake. Mteja mmoja alisema kuwa wanapendana.

Safari ya kufika katika maduka ya namna hiyo ni sehemu ya maradhi yenyewe. Kobe wanaokusanywa kwa biashara hutiwa katika magunia na masanduku, wakachanganywa na wenzao kutoka mahali mbalimbali, bila maji ya kutosha na bila chakula. Kila mmoja huja na vijidudu vyake, na kila mmoja kinga yake imeshalegea. Baadhi yao hufia njiani au katika majuma ya kwanza, na wale wanaobaki hai hufika kwa mnunuzi wakiwa wagonjwa wasio na dalili.

Hasara haiishii kwa mnyama anayechukuliwa. Uchunguzi juu ya biashara hii nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kobe hawa walipungua sana mahali ambapo wakusanyaji walikuwa wamefanya kazi, na kwamba katika kuwatoa nyufa nyingi zilibomolewa. Jabali lililopasuliwa haliwezi kurudi lilivyokuwa. Tena kobe huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, na yai hilo huchukua miezi kadhaa kuanguliwa. Kizazi cha namna hiyo hakiwezi kufidia wakubwa wanaochukuliwa kila mwaka. Kenya ilizuia usafirishaji wao mwaka 1981. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mwaka 2019 mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, uliofanyika Geneva, ulimwingiza kobe huyu katika orodha ya kwanza, yenye masharti makali kupita zote, ambayo huzuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Mwaka huohuo aliwekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hoja za upande wa pili

Haitakuwa haki kuyaeleza haya bila kuzitazama hoja za wanaofuga. Hoja ya kwanza husema: kobe huishi miaka mingi akifugwa, basi atawezaje kuwa na dhiki? Hutajwa kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lakini kobe wale huishi pamoja, katika eneo lenye miti, udongo na jua, wakihudumiwa na watu wenye kazi hiyo. Na hata wao hawakusalimika. Idadi yao ilifikia yapata 200 mwaka 1955, kisha wizi wa kuwauza nje na kuwala ukawapunguza mpaka 7 mwaka 1996, ndipo serikali ikajenga uzio madhubuti. Zaidi ya hayo, wingi wa miaka peke yake hauthibitishi afya. Mnyama ambaye mwili wake huenda polepole hufa polepole, na miaka mitano ya kufugwa yaweza kuwa miaka mitano ya kufa.

Hoja ya pili ni kuwa porini kuna moto, magari na wanyama wakali, hivyo nyumbani ni salama. Ni kweli kwamba maisha ya porini ni magumu. Lakini mwili wa kobe umeumbwa kwa ugumu huo, ambao huja na kupita. Haukuumbwa kwa mbiu isiyonyamaza. Ukimkuta kobe barabarani, mvushe upande anaoelekea, kisha mwache. Hata kumnyanyua kuwe kwa upole na kwa muda mfupi. Kwa kobe wa jangwa wa Marekani imeonekana kuwa mnyama aliyeshtuliwa humwaga maji aliyoyahifadhi katika kibofu, na wakati wa kiangazi maji hayo ndiyo akiba yake ya uhai.

Hoja ya tatu ni ya kipato, nayo naiheshimu zaidi, kwa kuwa hutolewa na watu wenye shida za kweli. Lakini mkusanyaji wa kijijini humwuza kobe mara moja tu, na faida kubwa huvunwa na wachuuzi wa mbali. Yeye hubakiwa na majabali yaliyobomolewa na vilima visivyo na kobe. Ikiwa tunataka kobe walete fedha, basi na ijadiliwe njia ya kuzalisha wanaozaliwa mikononi mwa wataalamu, chini ya ukaguzi mkali, na vijiji vyenye majabali hayo vipewe fungu lao. Jambo hilo ni tofauti kabisa na kuokota wa porini.

Madhara kwa watu na mifugo

Wapo watakaosema kuwa afya ya kobe si shughuli yao. Nao wana sababu ya kujali. Kobe wengi hubeba vijidudu vya salmonela tumboni bila kuugua, na vijidudu hivyo humharisha mtu vibaya, hasa mtoto mdogo. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia kinywani. Aidha, kupe wanaoishi juu ya baadhi ya kobe wa Afrika waweza kueneza maradhi ya mifugo yaitwayo maji moyo, na mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kwa aina tatu za kobe wa Kiafrika kwa sababu hiyo, akiwemo huyu wetu mwenye madoadoa.

La kufanya

Msomaji ambaye tayari ana kobe uani atauliza: je, nimrudishe porini leo hii? Jibu ni kwamba asifanye hivyo peke yake. Katika jangwa la kusini magharibi mwa Marekani kobe walipatwa na ugonjwa wa njia ya hewa unaotokana na kijidudu kiitwacho Mycoplasma, na wataalamu waliwashuku kobe waliofugwa kisha wakaachiwa kuwa miongoni mwa walioueneza. Mwaka 1990 kobe wa jangwa hilo waliingizwa katika sheria ya viumbe walio hatarini, na ugonjwa huo ulikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Kobe aliyekaa na kuku, mbwa na kobe wengine aweza kupeleka maradhi kwa jamaa zake wa porini. Tena akiachiwa mahali asipopajua huzunguka akipatafuta kwao, akadhoofu. Njia iliyo sahihi ni kumwarifu afisa wanyamapori wa wilaya, na wakati anapongoja uamuzi kumpa kobe udongo badala ya saruji, kivuli na jua kwa pamoja, maji ya kina kifupi, majani na nyasi badala ya ugali, mahali pa kujificha, na zaidi ya yote utulivu.

Kwa upande wetu sisi walimu wa vyuo tuna deni. Madaktari wetu wa mifugo hufunzwa vyema juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku, na ni sawa, kwa sababu ndio uti wa mgongo wa wakulima na wafugaji wetu. Lakini kobe wanaokamatwa mipakani na bandarini hufikishwa mikononi mwa maofisa ambao hawakufunzwa namna ya kumtambua kobe mgonjwa. Somo fupi la tiba ya watambaazi, na mahali pachache pa kuwatunzia kobe waliokamatwa huku wakichunguzwa, ni mambo ambayo taifa laweza kuyamudu. Hali kadhalika, wanafunzi wetu wa elimu ya viumbe wangeweza kupewa kazi ya kuhesabu kobe wa majabali katika vilima vilivyo karibu na shule na vyuo vyao, wakaandika idadi hiyo mwaka hadi mwaka, bila kumtoa hata mmoja katika ufa wake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika shauri la kobe tumekisikia kimya hicho kwa muda mrefu na kukifasiri vibaya. Ninawaomba walimu wa shule za msingi, ambao ndio wanaoletewa kobe na watoto waliowaokota njiani, walifanye jambo hili kuwa somo: wamtazame pamoja na watoto kwa dakika chache, wawaeleze juu ya gamba lake na pumzi yake, kisha waongozane nao mpaka pale alipookotwa siku ileile, wamweke chini na kumwacha aende zake.